Muhammed Said Abdulla, Baba wa Bwana Msa

Katika gazeti letu hili zimekwisha kutolewa habari za watu wengi mashuhuri: wafalme, wasafiri, maaskofu, na wale waliopigania uhuru. Sina neno juu yao. Lakini nimeona ajabu kwamba hajapata kuandikwa hata mara moja mtu ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyopotea zaidi katika maktaba yetu. Mtu huyo ni Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetuletea Bwana Msa. Mhariri amenipa nafasi, nami nitajaribu kueleza maisha yake, na jinsi hadithi zake zinavyotufaa katika chama chetu cha kusoma, ambacho nimekiongoza tangu nilipoingia Kidato cha Tatu. Wanafunzi wa zamani wanisamehe nikisema mambo wanayoyajua. Wengi wao walimsoma Bwana Msa kwa mwanga wa taa ya chemni kabla sisi hatujazaliwa.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, tarehe 25 Aprili, 1918. Kwa mtu aliyewahi kusikia habari za Makunduchi, jina hilo peke yake ni mwanzo mzuri wa hadithi. Watu wa huko wana lafudhi yao ya kale iitwayo Kikae. Wana sikukuu yao ya Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hupigana kwa mabua ya migomba mchana kweupe, kibanda cha makuti kikatiwa moto, kisha watu wakala pamoja na ugomvi wa mwaka mzima ukawa umekwisha. Tena wana mizimu yao: pango, au jiwe, au mti mkubwa, mahali ambapo mwenye haja hupeleka ubani wake na kuomba. Mtoto wa mahali kama hapo hukua akijua kwamba kuna sehemu za kupita upesi na mambo ya kutouliza.

Sisi wa pwani ya Kisimayu hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Mimi nilizaliwa Kisimayu, na kwao mama yangu ni kisiwa cha Chula. Kutoka Kisimayu kwenda kusini mpaka Ras Kiamboni, ukipita visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, kuna magofu ya misikiti na makaburi ya kale ambayo wataalamu wamekuja kuyapima. Bwana Neville Chittick, aliyekuwa mchunguzi mkubwa wa mambo ya kale ya Afrika Mashariki, alitoa habari za pwani ile mwaka 1969. Wataalamu hupima kuta. Sisi watoto tulifundishwa jambo jingine: usipite pale wakati wa magharibi, usiokote kitu, usimwite mwenzako kwa jina. Na chombo kikipotea, mbuzi akipotea, hata fedha zikipotea, kidole huelekezwa magofuni. Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya nimpende mtu huyu, na nitalirudia.

Alimaliza masomo yake mwaka 1938, akaingia Idara ya Afya kuwa mkaguzi, yaani yule ambaye mitaani huitwa Bwana Afya. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi. Wanaosimulia habari zake huipita kwa mstari mmoja, lakini mimi naiona ndiyo shule yake kubwa. Bwana Afya ni mgeni asiyealikwa. Mwenye nyumba humkaribisha barazani, naye anataka kuona uani. Huinamia birika la maji kutafuta viluwiluwi vya mbu, hufunua mapipa, hunusa mifereji, humwuliza muuza nyama nyama hii imechinjwa lini, kisha hulinganisha aliyoambiwa na aliyoyaona. Baada ya miaka kumi ya kazi kama hiyo mtu hawezi tena kuingia katika chumba bila ya kutazama pembeni. Wala si yeye peke yake aliyefika katika hadithi za upelelezi kwa njia ya afya. Arthur Conan Doyle, aliyemtunga Sherlock Holmes na kumtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1887, alikuwa daktari. Alifundishwa udaktari Edinburgh na Joseph Bell, ambaye alikuwa akimtazama mgonjwa mikono na viatu, akamtajia kazi yake kabla hajafungua kinywa. Kule daktari, huku Bwana Afya: wote wawili walilipwa mshahara ili waangalie yale ambayo watu wengine huyapita.

Mwaka 1948 Bwana Muhammed aliacha kazi ya afya akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Msomaji wa leo huenda asione ajabu ya majina hayo. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Chama cha Waarabu, na Afrika Kwetu likiwasemea Waafrika. Unguja ilikuwa inaingia katika miaka ya siasa kali, mpaka duka la kununua sukari na basi la kupanda vikachaguliwa kwa chama. Na mtu huyu alikaa katika vyumba vya pande zote mbili, akisahihisha maneno ya hawa na ya wale. Mtu aliyepitia barua za wasomaji wa magazeti yanayopingana amekwisha kujifunza kwamba jambo moja lina wasimulizi wengi, na kila mmoja wao huapa.

Basi likaja shindano. Lilikuwako shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya kueneza vitabu katika Afrika Mashariki, na shirika hilo lilifanya shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la mwaka 1957-58. Bwana Muhammed akapeleka hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikashika nafasi ya kwanza. Ilitoka kuwa kitabu mwaka 1960. Wakati huo wanafunzi wa shule zetu walikuwa wakisoma hadithi nyingi zilizofasiriwa kutoka Kiingereza, na upelelezi ulikuwa jambo la watu wa London, penye ukungu na magari ya farasi. Hapa ghafula mauaji yanatokea katika shamba la Unguja, mtu aliyeuawa ni Bwana Ali, na mpelelezi ni mtu anayezungumza Kiswahili kama wazee wetu wanavyozungumza barazani baada ya sala ya isha.

Mpelelezi huyo ndiye Bwana Msa. Hakuajiriwa polisi, polisi ni Inspekta Seif. Yeye ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana subira. Kila aliyesoma Sherlock Holmes atamtambua kiko na rafiki, wala hakuna aibu katika kuazima. Chungu waweza kuazima kwa jirani, mchuzi ukawa wako. Najum anafanya kazi ileile ambayo Daktari Watson anamfanyia Holmes: anaona kila kitu anachokiona bwana mkubwa, lakini hajui akifanyie nini. Kwa hiyo sisi wasomaji tunajifariji kwamba hatuko peke yetu katika ujinga.

Lakini lililo kubwa zaidi ni ule mzimu. Mwandishi angeweza kuwaweka watu wake katika hoteli au katika meli. Yeye akachagua mahali ambapo kila mtu anaogopa kuuliza, kisha akampeleka pale mtu anayeuliza. Bwana Msa hawatukani wanaoamini mizimu, wala hawahubirii. Anataka tu kujua nani alipita njia ile, saa ngapi, na kwa nini. Katika kitabu hicho woga wa watu ni kama pazia, na mwenye kutenda uovu amejifunza kukaa nyuma yake. Sitasema zaidi, maana kuna watu wa Kidato cha Kwanza ambao hawajafika huko, nami nimeahidi kutowaharibia.

Hapa nataka kuweka neno la kandoni. Mwaka 1929 padre mmoja Mkatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, aliweka kanuni kumi za hadithi za upelelezi. Moja yazo ni kwamba mambo ya mizimu na mazingaombwe yasitumike kufumbua fumbo. Padre huyo ndiye aliyekuja kufasiri Biblia nzima kwa Kiingereza, kwa hiyo hakuna atakayemshitaki kwamba hakuamini yasiyoonekana. Nilipowaeleza wenzangu habari zake walicheka sana, kwamba padre ndiye awafukuze mashetani katika vitabu kwa kanuni. Lakini maana yake ni wazi. Ukimwambia msomaji kwamba jini ndiye aliyeua, umemdhulumu, kwa kuwa jini hana alama ya viatu wala hahojiwi. Bwana Muhammed aliishika kanuni hiyo katika nchi ambayo ni vigumu zaidi kuishika kuliko Uingereza.

Sasa nieleze kidogo jinsi tunavyomsoma chamani. Tunakutana Jumamosi baada ya usafi wa mabweni. Mmoja husoma kwa sauti, wengine wana daftari, na kila ukurasa wa daftari umegawanywa sehemu tatu: yaliyoonekana, yaliyosemwa, na yaliyodhaniwa. Mtu wa hadithini akiokota kitu, kinaingia katika sehemu ya kwanza. Akisema kwamba usiku ule alikuwa amelala, hayo ni ya sehemu ya pili, hata kama ni mzee mwenye ndevu nyeupe. Akisema watu wanasema, hayo pia ni ya pili, na tunaweka alama. Sehemu ya tatu ni yetu wenyewe. Ni kazi ya kuchosha mwanzoni. Vijana wa Kidato cha Kwanza huandika karibu kila kitu katika sehemu ya kwanza, kwa sababu wamelelewa kwamba aliyosema mkubwa ni sawa na kuonekana. Baada ya wiki tatu au nne wanaanza kubishana, na hapo ndipo raha inapoanza. Maktaba yetu ina nakala mbili za Mzimu wa Watu wa Kale, na moja imekatika kurasa za mwisho. Hiyo iliyokatika ndiyo tunayoisoma kwanza. Tukifika pale ilipokatikia, kila mtu huandika mwisho wake na kutaja dalili zake, kisha ndipo inapotolewa ile nzima. Mwaka jana mmoja tu alipatia, na alikuwa yule ambaye huwa amesinzia.

Turudi kwa mwenyewe. Mwaka 1958 aliwekwa kuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 1968. Yaani wakati kitabu chake cha kwanza kinatoka, mtungaji wa mauaji yaliyowakosesha watu usingizi alikuwa ofisini akishughulika na habari za karafuu na minazi. Na miaka hiyo haikuwa ya usingizi kwa Unguja. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba, 1963. Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari, 1964, watu wengi wakafa. Na tarehe 26 Aprili mwaka uleule Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Aliona hayo yote akiwa katika kiti kimoja. Kitabu chake cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968. Giningi, kwa masimulizi ya Unguja na Pemba, ni mahali ambapo wachawi hukutana. Kwa hiyo mara ya pili alichagua tena jina la kuwatia watu woga, akampeleka Bwana Msa huko na kiko chake.

Baada ya kustaafu akaandika kwa haraka: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Katika hivi vya baadaye fumbo mara nyingi linahusu nasaba na ndoa, fulani ni mtoto wa nani, fulani alimwoa nani. Kuna wenzangu wanaoviona hivyo kuwa vimepoa, kwa kuwa wanataka damu. Mimi nadhani alikuwa amegundua kwamba katika miji yetu ya pwani watu hufunga midomo zaidi juu ya nasaba kuliko juu ya maiti.

Nisimsifu tu. Bwana Msa ana maneno mengi. Akianza kueleza mwishoni jinsi alivyolifumbua fumbo, chai inapoa na kupashwa tena. Tena watu katika hadithi hizi hukutana kwa bahati mara nyingi kuliko tunavyokutana sisi duniani, na Inspekta Seif angestahili siku moja kupatia jambo peke yake. Vijana wanaojifunza kuandika huiga makosa hayo kwanza, maana ndiyo rahisi kuiga. Kila muhula napokea hadithi ambazo mpelelezi anahutubia kurasa nne akiwa ameshika kiko, naye mwandishi hajapata kukiona kiko isipokuwa katika picha.

Waandishi wengine walimfuata upesi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na katika miaka ya 1970 akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake, mwenye bastola na safari za mbali. Hao wanapendwa sana bwenini. Bwana Msa alibaki vilevile na mazungumzo yake. Kitabu chake cha mwaka 1984 kinaitwa Kosa la Bwana Msa, nami napenda kwamba mtu aliyemlea mpelelezi wake zaidi ya miaka 20 hakuona vibaya kuweka neno kosa kando ya jina lake.

Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Mwezi wa Januari wa mwaka huohuo serikali ya Somalia ilianguka Mogadishu, vita vikashuka mpaka Kisimayu, na watu wetu wa visiwani wakaanza kupakia mashua kukimbilia Kenya. Sidhani kama kuna hata mmoja kati yao aliyesikia kwamba mwandishi wa Unguja amekufa. Wala hawakuwa wamemjua. Jubaland ilitolewa na Waingereza kwa Waitaliani mwaka 1925, kwa hiyo Mzimu wa Watu wa Kale ulipotoka mwaka 1960 sisi tulikuwa upande wa pili wa mpaka. Skuli za huko zilisomesha kwa Kiitaliani, Kiarabu na Kiingereza. Mwaka 1972 Kisomali kikawekewa maandishi yake rasmi, kikawa ndicho cha skulini. Kibajuni, ambacho ni ndugu wa damu wa Kiamu na Kiunguja, kilibaki cha nyumbani na chomboni. Kitabu kikubwa juu ya maisha ya Wabajuni kiliandikwa na Mwitaliani, Vittorio Grottanelli, mwaka 1955, kwa Kiitaliani, na babu yangu, ambaye wenzake walihojiwa kwa ajili ya vitabu vya namna hiyo, asingeweza kukisoma hata kichwa chake.

Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda Kisimayu kuwaamkia wazee, nikachukua nakala yangu mwenyewe ya Mzimu. Jioni nilikuwa nikisoma barazani, na watoto wa mama wadogo wakakusanyika, saba kwa hesabu. Wanasoma Kisomali skulini. Nyumbani wanasema Kibajuni. Hawakuwa wamepata kuona maneno yanayofanana hivyo na ya nyumbani kwao yakiwa yamepigwa chapa. Mdogo wao mmoja aliweka kidole juu ya neno bahari akalisoma, akacheka kama aliyemwona jirani yake katika picha ya gazeti. Basi nikaanzisha chama huko pia, na daftari, na sehemu tatu.

Kitabu kilipokwisha wakataka kuandika. Niliwaambia yale ninayowaambia wa hapa shuleni: jua kwanza jibu lako, ndipo uanze mwanzo, mkosaji aonekane mapema, akiwa na kazi yake ya kawaida, na dalili kubwa uiweke mahali pa wazi, katikati ya vitu vingine, kama sindano katika kapu la ushoni. Tena dalili nzuri ni ile ambayo msomaji anaijua siku zote, ila hakuiweka kando ya nyingine. Wakatawanyika. Wengi waliandika habari za wezi na bastola. Binti mmoja wa miaka 14 aliandika kwa siku tano bila kumwonyesha mtu.

Hadithi yake ni hii kwa ufupi. Mashua inatoka kisiwani imepakia ng'onda. Inapotea. Nahodha anarudi peke yake, anasema walivuka kilango cha mwambani saa tano asubuhi, wakafika maji makuu mbele ya magofu, na hapo kitu kisichoonekana kikaishika mashua na kuipindua. Kijiji kizima kinalia na kufukiza ubani. Anayepeleleza ni bibi kizee mvua pweza. Yeye hasemi neno mpaka ameuliza siku. Anaambiwa ni siku ile ambayo jioni yake mwezi uliandama. Basi anachukua mkuki wake wa pweza akauweka mbele ya nahodha. Siku ile, saa ileile, alikuwa amesimama juu ya mwamba wa kilangoni, miguu yake mikavu.

Kwa wasiotoka pwani nieleze. Mwezi unapoandama maji huwa ya bamvua, na kwetu bamvua hukupwa saa nne au saa tano asubuhi mpaka wanawake wakatembea mwambani kutafuta pweza. Mashua iliyopakia haiwezi kupita hapo saa hiyo. Kila mtoto wa Chula anajua.

Alisoma hadithi hiyo barazani, na babu alikuwapo. Kila mwaka, mvua za vuli zikiisha, babu husimulia jinsi ndugu yake mkubwa alivyopotea mwanzoni mwa mwaka 1992, katika mashua iliyotoka Chula kupeleka watu Kenya. Nahodha peke yake ndiye aliyeonekana tena. Babu husimulia kwamba walivuka kilango saa tano asubuhi, maana ndivyo alivyoambiwa na nahodha huyo, kisha husema bahari na wenyewe wamechukua. Na bibi, akiwa jikoni, mara zote huongeza kwamba ilikuwa jioni ya siku ileile walipouona mwezi wa Rajabu. Sote tumesikia maneno hayo tangu utotoni, ya babu barazani na ya bibi jikoni. Binti huyu aliyaweka katika ukurasa mmoja.

Babu ni mtu aliyevua miaka 50, naye anayajua maji kuliko sisi sote. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu alianza kuhesabu kwa vidole, akamwita bibi atoke jikoni, akamwuliza kama ana hakika kwamba ulikuwa Rajabu. Akauliza kilango kipi. Akauliza ni nani mwingine wa Chula aliyekuwa mwambani siku zile, na bibi akataja majina ya wanawake wawili, mmoja wao yu hai na anakaa Mombasa. Watoto wadogo walikuwa wamekwisha kulala. Binti alifungua daftari lake upya, akagawanya ukurasa sehemu tatu.

Nakala yangu nilimwachia yeye. Amenipelekea habari kwa simu kwamba katika sehemu ya yaliyosemwa amejaza kurasa mbili, na katika yaliyoonekana bado hana kitu, anangojea mtu wa Mombasa. Wanaotaka kumsoma Bwana Msa hapa shuleni wamwone mtunza maktaba. Nakala nzima hutolewa kwa zamu, na ile iliyokatika haina foleni.